Bei ya Mfagiaji

Elfu themanini ilikataa kutoka. Fundi aliifikisha hadi kwenye meno, ikarudi. Akaifikisha tena, safari hii ikatoka pamoja na kicheko, na mke wake akapiga meza kwa kiganja.

"Unacheka nini sasa? Nani atatoa elfu themanini kwa mtu anayecheka?"

"Mama Watoto, mti wenyewe hauzidi urefu wa kiganja."

"Kwani tunauza urefu?"

Walikuwa kwenye chumba cha mbele, ambacho mchana ni karakana na jioni ni sebule, vumbi la mti likisukumwa pembeni ili watu wapate pa kulia. Mashine ya kukerezea ilikuwa imefunikwa shuka kuukuu. Mezani zililala kalamu mbili za mpingo zilizotoka kwenye kipande kimoja cha mti, kila moja ikiwa na mstari mweupe uliopanda kutoka chini hadi juu kama uzi. Mama mzazi wa fundi, ambaye nyumba nzima ilimwita Bibi, alikalia kiti pekee chenye egemeo, kwa sababu jioni hiyo yeye ndiye aliyekuwa meneja.

"Mbona ghali?" Bibi aliuliza kwa sauti nzito, akijishika kitambi ambacho hakuwa nacho.

"Ni... tunaweza kuelewana, mama."

"Mimi si mama yako, mimi meneja. Na kama umeshapunguza kabla sijaomba, mimi kazi yangu hapa ni nini?"

Walicheka wote watatu. Kisha mke akachana karatasi kwenye daftari la mtoto, akaandika huku akisema kwa sauti. Vyuma vya ndani pamoja na wino, elfu sita. Mti, elfu tatu. Msasa na nta, elfu moja. Jumla elfu kumi.

"Sokoni unaiuza kumi na tano," alisema. "Maana yake nusu siku nzima, mgongo umepinda, vumbi hadi puani, unajilipa elfu tano. Mimi wa ndoo na ufagio nakuzidi."

Fundi alikuwa na ule ugonjwa wa mafundi wengi, mikono hodari na mdomo mwoga. Mteja akikunja uso kidogo tu, yeye ndiye wa kwanza kushusha bei, na akishashusha anaomba radhi.

"Yule meneja wa ofisini kwetu ana kalamu ya ng'ambo ya laki mbili," mke aliendelea. "Naifuta vumbi kila asubuhi, haifiki hata robo ya uzuri wa hizi. Nenda, taja themanini, funga mdomo. Na ukinikuta kwenye korido, hunijui. Wakijua kalamu ni ya mume wa mfagiaji, watatoa bei ya mfagiaji."

Ikawa hivyo. Fundi alivaa shati lake la harusi za watu, akaenda. Kwenye korido alimkuta mke wake ameinama na ndoo, akamwambia, "Samahani, mama, ofisi ya meneja ni ipi?" Naye akamwelekeza kwa mpini wa ufagio bila kuinua uso. Jioni walilicheka jambo hilo mpaka Bibi akapaliwa. Meneja alinunua kalamu moja kwa themanini bila kuomba apunguziwe hata shilingi, na wiki iliyofuata akaagiza sitini kwa ajili ya sherehe ya kampuni kutimiza miaka kumi, akalipa nusu papo hapo, milioni mbili na laki nne. Fedha hiyo ilinunua vyuma na miti, iliyobaki ikaziba miezi minne ya kodi ya nyumba. Kalamu ya pili ilikuwa na kishikizo cha kubania mfukoni kilichoinama kidogo, haiuziki, kwa hiyo fundi alimpa mke wake awe anasainia daftari la mahudhurio. Mke akaitia kwenye mfuko wa aproni. Hakuona hatari, kwa maana miaka yote sita aliyofanya kazi pale hakuna aliyewahi kumwangalia mfukoni.

&nbsp;

Siku alipoangaliwa ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Kalamu ya mpingo ya meneja ilikuwa haionekani tangu jana yake. Meneja alitoka ofisini kuulizia, akamkuta mfagiaji anasaini daftari, akauona mstari mweupe.

"Mama, hebu hiyo."

Alimpa. Meneja aliigeuza mara mbili, akamwita msimamizi wa usafi, mwanamke mwenye funguo nyingi kiunoni, wakaingia ofisini wote watatu na mlango ukafungwa. Kiti kilikuwepo lakini hakuna aliyemwambia mama mfagiaji akae.

"Umeitoa wapi?"

"Nilipewa, bosi."

"Na nani?"

Hapo ndipo jibu lilipokuwa, jepesi, neno moja tu. Lakini mama alifikiria kalamu sitini, thelathini na mbili zikiwa tayari zimepangwa kwenye sanduku chini ya kitanda chake, na akalizunguka lile neno. "Na fundi anayezitengeneza," alisema.

Meneja alimtazama kuanzia ndala hadi kitambaa cha kichwa. "Fundi akupe wewe kalamu ya elfu themanini. Kwa lipi?"

Msimamizi alikohoa, akatazama dirishani. Mama alielewa swali lilivyokusudiwa, masikio yakamwaka moto. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na moja na hakuwahi kuulizwa swali kama hilo hata alipokuwa msichana.

"Hainigharimu kitu kuuliza," meneja alisema. Akachukua simu, akapiga, akaiweka mezani ikiwa na sauti ya wazi.

Fundi alipokea huku mashine bado inanguruma, akaizima. "Naam, bosi! Kazi inaendelea, hakuna wasiwasi."

"Fundi, nataka kujua kitu kimoja. Hizi kalamu kuna mtu uliyempa bure? Au umemuuzia mtu chini ya bei yangu?"

Maskini, angejua nani amesimama mbele ya ile simu! Lakini aliyemsikia yeye ni mteja mkubwa aliyeanza kunusa bei, na mteja akianza kunusa bei ataishusha. Akakumbuka kiganja cha mke wake juu ya meza. Akaamua kwamba mara hii, walau mara hii moja, hatayumba.

"Bosi, wallahi tena, nakula yamini. Sijampa mtu, sijamuuzia mtu chini ya themanini. Na zenye mstari mweupe kama yako nilitengeneza hiyo moja tu. Hakuna nyingine duniani."

"Una hakika?"

"Nife nikisema uongo."

"Asante, fundi." Simu ikakatwa.

Mdomo huponza kichwa, husema wazee, ila wakati mwingine kichwa kinachoponzwa ni cha mtu mwingine. Mama alibaki ametazama simu. Sasa hata angesema yule ni mume wangu, mume mwenyewe ameshaapa kwamba hajampa mtu, na yeye angekuwa mwizi na mwongo kwa pamoja.

"Kesho saa tatu uje na maelezo mengine," meneja alisema, "au nitawaita wanaojua kuuliza. Kitambulisho kiache hapa."

Getini msimamizi alimwambia afungue mkoba, utaratibu ni utaratibu. Wafagiaji wenzake wawili walisimama na mafagio yao wakati vitu vyake vinatolewa kimoja kimoja juu ya meza ya mlinzi: bakuli la chakula ambacho hakijaliwa, mswaki wa mtoto alioununua asubuhi, kanga, chupa ya dawa ya magoti ya Bibi. Mlinzi alifungua hata bakuli, akachungulia ndani. Kila siku walikuwa wakitaniana naye. Leo alisema, "Haya, pita," na hakumtazama.

&nbsp;

"Ulikuwa unasikia?" fundi aliuliza. Alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye mguu wa mashine, vumbi la mti nyusini.

"Neno kwa neno. Nife nikisema uongo."

"Mimi nilidhani anataka kupunguza bei."

"Najua ulichodhani."

"Ni wewe uliyesema nisiyumbe!"

"Ndiyo," mke alisema. "Mimi ndiye niliyesema. Nilikufundisha kutaja bei, sikukufundisha kula viapo."

Bibi aliwasikiliza kutoka kwenye kiti chake, safari hii bila umeneja. "Mwanangu," alimwambia mkwe wake, "wamekushika? Wamekupiga?"

"Hawakunigusa, mama. Wamefungua bakuli langu la chakula."

Alipolisema hilo ndipo machozi yalipomtoka, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, na Bibi akaanza kusugua magoti yake ambayo wakati ule hayakuwa yakiuma. Fundi alisimama, akakaa tena. Alijiona mdogo ndani ya nyumba yake.

"Kesho nitakwenda," alisema. "Nitamwambia yote. Kwamba sokoni nauza kumi na tano. Kwamba nilidanganya."

"Kuhusu bei utasema baadaye." Mke alifuta uso kwa ncha ya kanga, akamkazia macho. "Kwanza sema huyu ni mke wangu. Anza na hilo. Mimi sitaki kuonekana nimenunua, sitaki kuonekana nimehurumiwa. Nataka yule mtu aliyeniuliza 'kwa lipi' asikie jibu."

"Akifuta oda je? Fedha ya watu tumeshaila."

"Tutairudisha kidogo kidogo. Nitafua nguo za watu. Lakini jina la wizi likishaingia kwa watoto, utalifua kwa sabuni gani?"

"Nitasema," fundi aliahidi. "Mbele ya mama yangu hapa, nitaanza na hilo."

Na aliahidi kwa dhati. Hilo lazima lisemwe, maana wapo watakaodhani alikuwa mtu mbaya. Asubuhi aliamka kabla ya wote, akapiga pasi shati la harusi za watu, na njiani midomo yake ilikuwa inacheza: huyu ni mke wangu, huyu ni mke wangu.

&nbsp;

Waliingia kwa zamu, yeye kwa mlango wa wageni na mke kwa mlango wa wafanyakazi, kwa sababu ndivyo mlinzi alivyowapitisha. Ofisini walisimamishwa mbali mbali, mama karibu na mlango pamoja na msimamizi, fundi mbele ya meza. Yeye aliambiwa akae.

"Bosi, jana nilikosea," alianza. "Kuna kitu sikusema kuhusu hiyo kalamu na kuhusu huyu..."

"Subiri." Meneja aliinua kidole. "Kabla hujasema. Mimi oda yako niliipitisha peke yangu, bila kushindanisha watu. Nikigundua kuna undugu wowote kati yako na mtu wa humu ndani, hata wa mbali, leo hii naifuta, na milioni mbili na laki nne inarudi kabla ya Ijumaa. Vinginevyo ni mimi nitakayeulizwa. Tumeelewana? Haya, huyu mama unamjua?"

Feni tu juu ilikuwa inazunguka. Fundi alihisi macho ya mke wake kwenye kisogo chake kama mtu aliyekaa karibu na moto anavyojua moto uko upande gani. Ijumaa ilikuwa keshokutwa. Alikuwa na elfu kumi na mbili mfukoni, na mwenye nyumba alikuwa ameshaandika risiti.

"Namjua, bosi," alisema. "Ni... ni mteja wangu."

Mama hakusogea.

"Mteja?"

"Aliinunua kwangu sokoni. Hiyo kalamu ina kasoro, angalia kishikizo kimeinama, yako haikuwa hivyo. Nilimuuzia kwa elfu kumi na tano." Na kwa kuwa mlango wa uongo ulishafunguka, ukweli nao ukapita humo humo, kwa haraka, kama mtu anayetupa mizigo ili mashua isizame. "Hata zisizo na kasoro, sokoni ni kumi na tano. Jana niliona aibu kusema kwa sababu wewe nilikutajia themanini."

Meneja aliichukua ile kalamu, akakikagua kishikizo. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyeibiwa lakini amemshika mwizi.

"Elfu kumi na tano! Na mimi nikaionyesha bodi nzima." Akaisukuma kalamu ikabingirika mpaka ukingoni mwa meza. "Haya, mama, chukua. Kumbe ni ya kumi na tano. Si ungesema tangu jana? Yangu itakuwa imeangukia kwenye gari. Msimamizi, mrudishie kitambulisho, arudi kazini."

Yakaishia hapo. Hakuna aliyeomba radhi, kwa sababu hakuna mwenye akili anayemshuku mtu kuiba kitu cha elfu kumi na tano. Bei ilipokuwa juu mama alikuwa mwizi, na bei iliposhuka akawa mtu safi. Yeye mwenyewe hakuwa amebadilika chochote.

Alisogea mezani, akaichukua kalamu, akaitia mfukoni. Akamgeukia mtu aliyezaa naye watoto watatu, akainamisha kichwa kidogo kwa adabu, kama inavyompasa mfagiaji.

"Asante, fundi, kwa kunitetea."

"Hakuna neno, mama," fundi alisema, kwa sababu msimamizi alikuwa akiwatazama. Mama akatoka. Nje ndoo ilisikika ikigonga ukuta.

Zilizobaki zilikuwa hesabu. Meneja alitaka kalamu zote kwa kumi na tano. Fundi akamwambia sherehe ni Jumamosi ya wiki ijayo na hakuna mtu mwingine mjini anayezikereza. Wakavutana. Mwisho walikubaliana elfu arobaini, maana yake malipo ya awali yakawa ndiyo malipo yote, hakuna wa kumdai mwenzake. Walipeana mikono. Fundi alipita kwenye korido ikiwa bado imelowa maji, na mke wake alikuwa ameinama mwisho kabisa kule, akipiga deki, mgongo ukiwa upande wake.

&nbsp;

Siku nzima alikereza akijieleza mwenyewe. Oda imebaki. Kazi ya mke imebaki. Kitambulisho kimerudi. Hakuna aliyefungwa, hakuna deni. Angefanya nini tena, mtu wa elfu kumi na mbili mfukoni? Kila alipomaliza hoja aliipanga vizuri, na kila alipofunga kalamu nyingine kwenye mashine alijikuta anaianza upya.

"Ulisema?" Bibi alimuuliza mchana.

"Mambo yamekwisha, mama. Amerudishwa kazini."

"Sikuuliza hilo."

Fundi akawasha mashine. Bibi alisubiri izimwe, na haikuzimwa, akainuka akaingia chumbani kwake.

Mke alirudi saa kumi na moja kama siku zote. Alimsalimia mkwewe, akawauliza watoto kuhusu shule, akabandika maji jikoni. Kisha akaja kwenye chumba cha mbele akiwa bado na aproni. Fundi alizima mashine. Alikuwa ametayarisha maneno mengi, na la kwanza lilikuwa samahani.

"Mke wangu..."

Mke aliweka noti juu ya meza ya kazi, katikati ya vumbi. Ya elfu kumi moja, na ya elfu tano moja.

"Za nini?"

"Za kalamu."

"Umezitoa wapi?"

"Hilo swali nimeulizwa sana wiki hii," alisema mke. Hakuwa amepandisha sauti. "Za nauli. Nitatembea kwa miguu mpaka mwisho wa mwezi. Hesabu, uone kama zimetimia."

"Usinifanyie hivi. Ulitaka niseme nini? Ulimsikia. Ijumaa fedha zote, tungelala wapi? Nimekuokoa, nimeiokoa oda..."

"Umeokoa. Sijakataa." Alivuta kitabu cha risiti kilichokuwa kinaning'inia kwa kamba kwenye msumari, akakifungua mbele yake. "Niandikie risiti."

"Risiti ya nini kati yangu na wewe?"

"Siku nyingine nikiulizwa, niwe na karatasi ya kuonyesha. Mtu wa kuonyesha nilikuwa naye leo, nikaona hafai."

Bibi alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba chake, ameshika fremu. Fundi alimtazama mama yake, akitafuta neno la kumsaidia, na Bibi akatazama sakafu. Maji ya jikoni yalikuwa yameanza kuchemka na hakuna aliyekwenda.

Fundi akachukua kalamu. Aliandika tarehe. Akaandika kiasi kwa tarakimu, halafu kwa maneno kama kitabu kilivyotaka, elfu kumi na tano tu. Akaandika: kalamu moja ya mpingo, ina kasoro. Akafika kwenye mstari wa juu uliosema *Imepokelewa kutoka kwa*, na mkono ukasimama pale. Miaka kumi na minne amekuwa akiliandika jina la mtu huyu kwenye fomu za shule na kadi za kliniki, na sasa lilikuwa linamshinda.

"Andika 'mteja'," mke alimwambia. "Ndivyo meneja alivyoelewa."

Akaandika. Mke akaisubiri ikauke, akaichana taratibu ili isipasuke, akaikunja mara mbili na kuitia kwenye mfuko wa aproni pamoja na kalamu. Halafu akaenda jikoni kusonga ugali, kwa sababu watoto walikuwa na njaa.